Masika yakiingia, nani anabaki na kasa?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama mgeni hufurahi au husikitika akikuta wanyama wamefungiwa hotelini. Swali limenikaa kooni. Mimi sijawahi kuwa mgeni. Miaka sita nimetandika vitanda katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, basi nitajibu ninavyojua mimi: mgeni hukaa wiki, mnyama hukaa mwaka mzima. Ningependa muulize masika yakiingia nani anabaki naye.

Hoteli yenyewe siitaji. Ilikuwa na hodhi la saruji karibu na baa, urefu wake hatua zangu sita, na ndani yake kasa mmoja. Alikuwa kasa uziwa, gamba lake kama sinia ya pilau ya watu wanne. Bado mtoto, kwa sababu uziwa hupitisha miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Mvuvi alimnasa kwenye nyavu, akamleta, akalipwa, na sheria ya uvuvi ya Zanzibar inakataza kabisa kumkamata kasa. Wageni walimtupia chipsi na boflo, yaani mkate. Maji yalibadilishwa kila Ijumaa kwa sababu wageni wapya waliingia Jumamosi. Jumatano ukipita hapo na mashuka unaziba pua.

Mama yangu analima mwani. Kwake yeye kasa ni mwizi, sawa na samaki tasi: akiingia shambani usiku, asubuhi unakuta kamba tupu na vikonyo. Nilipomsimulia kwamba yule wa hotelini anakula boflo, alinyamaza. Bamvu lililofuata, siku zile bahari inapojaa na kupwa sana, alinipa nusu polo ya mwani uliokatika. "Mpelekee, mwanangu. Huyu hajaniibia kitu."

Nikawa nampelekea, alfajiri, kabla meneja hajaamka, maana meneja alisema mwani unachafua maji. Kasa alinijua. Sisemi kwa kupamba. Nikikaribia ukingo alikuja upande wangu, akitoa kichwa na kuvuta pumzi ile nzito ya ghafla, kama mtu mzima anayeketi baada ya kazi. Alikula mwani taratibu, akiushikilia kwa pezi moja. Kwenye boflo hakuwahi kufanya hivyo.

Mwaka 2017, katikati ya Aprili, hoteli ilifungwa. Haikuwa dharura, ilikuwa masika kama kila mwaka. Sisi tuliambiwa turudi Juni, bila mshahara. Wakabaki walinzi wawili na mzee wa bustani. Jenereta ilizimwa ili kuokoa dizeli, na pampu ya hodhi ikazimika nayo. Hakuna aliyeachiwa agizo kuhusu kasa. Nilimuuliza mzee wa bustani, akaniambia: "Mwanangu, wamenikabidhi majani na funguo, basi." Hata hivyo alichota maji baharini kwa ndoo, bahari ikijaa tu, kwa kuwa kwetu maji yakitoka huyafuati kwa ndoo, yanakwenda mpaka mwambani. Ndoo ishirini kwa mgongo wa mzee wa miaka sitini na kitu. Mvua nayo ikimimina humo humo, chumvi ikipungua, kuta zikiota ukoga.

Mimi nilikwenda kila bamvu, kwani wakati huo ndipo mama huingia shambani na kupata mwani mbichi. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, sikwenda. Siku nane, tisa, mikono mitupu, ningekwenda na nini? Bamvu la tatu nilifika na polo langu nikamkuta mzee amekaa ukingoni. Alikuwa ameshamzika, nyuma ya jiko, chini ya mnazi. Tukakaa. Mwani nilirudi nao nyumbani, na mama hakuniuliza.

Juni tuliporudi, hodhi lilikuwa limepakwa rangi ya buluu na mna kasa ndani. Mdogo zaidi. Tuliambiwa tuseme ndiye yule yule. Mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akija kila mwaka aliniuliza mbona kama amepungua. Nikamjibu ndiye. Hilo ndilo lililoniandikisha barua hii.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema wanyama wote watolewe mahotelini, iwe marufuku. Lakini nimemkumbuka mvuvi. Asingelipwa na hoteli, pengine kasa yule angeliwa. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu tisa walikufa kwa kula nyama ya kasa, wanane kati yao watoto. Bado analiwa, tusidanganyane. Nimewakumbuka na kobe wa kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, walioletwa wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana, wakaibwa, hata mwaka 1996 wakahesabiwa saba tu. Walionusurika wamenusurika kwa uzio na ulinzi. Kwa hiyo siwezi kusema kila kufungiwa ni kuteswa.

Basi msimamo wangu umelegea kidogo, ingawa moyo haujakubali. Kasa aliyejeruhiwa atunzwe, ndani ya dimbwi la mwambani linalojazwa na bahari yenyewe, apone, aachiwe. Hoteli inayofungwa masika isifuge kitu chenye roho. Na kumlipa mvuvi anayeleta kasa naogopa, maana yule kasa wa pili pale hodhini sidhani alinaswa kwa bahati mbaya.

Wewe mgeni, kabla ya kupiga picha, uliza maji yanatoka wapi na mwezi wa tano nani huwa yupo. Usimuulize meneja. Na ukimuuliza mtandika vitanda, mtazame usoni anapokujibu, kwani huenda ameshaambiwa la kusema, kama nilivyoambiwa mimi.