Re: Mota ya 13.5 au 17.5 kwa kigari cha rimoti?

Mkuu, kama unakimbizia pale viwanja vya Tangamano, Tanga, chukua 17.5. Hiyo namba ni mizunguko ya waya ndani ya mota: ikipungua, mota inazunguka kasi zaidi, ila inakula umeme na kuchemka. Ya 13.5 inataka barabara ndefu iliyonyooka, na wewe umesema kona zenu ni za kubanana.

Kuhusu ile mota yako ya kwanza kuungua, nadhani kosa ni gia, mota haina hatia. Ukiweka pinioni (ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota) kubwa unapata spidi ya juu, lakini mota inabeba mzigo mzito kila ukitoka kwenye kona. Anza na pinioni ndogo, taimingi (mpangilio wa mota wa lini umeme uingie kwenye waya zake) iache chini kabisa, kimbiza dakika tano, kisha pima joto. Likifika nyuzi 80, simama hapo hapo, maana sumaku ya rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, ikishachemka sana nguvu yake hairudi. Likiwa chini ya 60, weka pinioni yenye jino moja tu zaidi, upime tena. Taimingi iguse mwishoni. Inaongeza kasi ya mota kuzunguka, inapunguza nguvu ya kuondokea.

Na joto la Tanga la Februari unalijua. Gia niliyotumia Julai kwenye ubaridi, Februari nusura initie hasara.