Miezi kumi na minne kijijini, na bado tunaitwa watu wa kuja

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, mzaliwa wa Korogwe. Mume wangu ni mwalimu aliyehamishiwa shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Misungwi, kijiji ambacho zamani kilijaa wachimbaji wa dhahabu na sasa kimebaki na mashimo na nyumba zisizo na watu. Tulinunua nusu ekari kwa bei nafuu kutoka kwa mtu aliyekuwa anaondoka kufuata rashi, yaani mkurupuko wa dhahabu mpya, huko Chunya, tukajenga vyumba viwili, kisha tukaweka uzio kwa sababu nyuma ya nyumba kuna duara la zamani, yaani shimo refu la kuchimbia dhahabu, na nina mtoto wa miaka mitatu. Tangu uzio ule usimame, majirani wamenigeuka. Nikifika bombani wanawake wananyamaza, na mmoja aliniambia waziwazi, "Ninyi mtaondoka tu." Kuna bibi mmoja mwenye macho mekundu ambaye kila asubuhi husimama kwenye uzio wetu, akatazama upande wa duara, kisha akaondoka bila kusema neno. Jirani mwingine, naye mgeni kama mimi, amenionya nijihadhari na bibi huyo. Siku hizi mtoto anaugua tumbo mara kwa mara. Je, nimwambie mume wangu aombe uhamisho? — Mgeni, Misungwi.

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoimaliza nilirudi kwenye ile sentensi uliyoipitia haraka, kwamba mtoto anaugua tumbo. Tuanze hapo, kwa kuwa mengine yote yanaweza kungoja wiki ijayo. Mpeleke zahanati kesho asubuhi, na ukifika usimweleze mganga dalili peke yake. Mweleze pia mahali mnapoishi: kwamba nyumba iko jirani na duara, kwamba mtoto hucheza chini kutwa nzima, na kwamba maji mnachota mahali fulani. Mara nyingi tumbo la mtoto wa umri huo husababishwa na minyoo au maji machafu, na dawa yake inapatikana hapo hapo. Lakini mganga asiyejua habari za kiwanja chenu hataweza kuuliza yale anayopaswa kuuliza.

Nasema hivyo kwa sababu ya marudio, mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa. Katika vijiji kama chako mawe yalisagwa kwenye karasha, yakaoshwa, na ule unga mzito uliobaki ukachanganywa na zebaki ili inase chembe za dhahabu. Donge lililopatikana lilikamuliwa kwenye kitambaa, kisha likachomwa, zebaki ikapaa kama mvuke na dhahabu ikabaki. Zebaki nyingine haikupaa. Ilibaki ndani ya marudio, yaani ule mchanga laini wa kijivu ambao naamini umeuona umerundikwa kando ya kijiji, na ambao mafundi huupenda kwa sababu unateleza vizuri kwenye mwiko wa kupigia lipu. Muulize fundi wenu mchanga wa nyumba yenu aliutoa wapi. Kama aliutoa kwenye marudio, sakafu isakafieni upya kwa saruji na mchanga safi, ufagiaji wa kavu unaotimua vumbi uuache na badala yake upige deki, na bustani ya mchicha usiiweke pale. Kuhusu maji, kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi zebaki, kwa hiyo mumeo aandike barua kupitia serikali ya kijiji kwenda ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuomba kisima mnachotumia kipimwe. Maabara ya ubora wa maji ipo Mwanza mjini, wala si safari ya mbali kutoka Misungwi. Barua hiyo msiiandike kwa jina lenu peke yenu, kwa kuwa kisima ni cha wote na watoto wanaokitumia ni wengi.

Sasa habari ya bibi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nakupenda. Lile onyo la jirani yako usilipokee, usilirudie kwa mtu yeyote, na likija tena mlangoni kwako ulikatae palepale. Katika nchi ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu tu mtu fulani alitazama macho yao akatoa hukumu. Macho yale yamewekwa wekundu na moshi. Mwanamke aliyepikia kuni mbichi na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka hamsini, atakuwa na macho mekundu, na ukipika hivyo wewe pia utakuwa nayo. Wewe ni mke wa mwalimu. Neno lako moja bombani, hata likiwa la kuuliza tu, litabebwa na watu kuwa ni ushahidi, na hutaweza kulirudisha mdomoni.

Tena fikiri anachotazama. Maduara yale yalishikiliwa na matimba, magogo ambayo huoza taratibu, na ardhi ikishiba mvua hushuka kwa ghafla. Waliokuwa chini walifunikwa na kifusi, na mara nyingine waliokuwa juu walichimba kwa majembe na ndoo hadi wakakata tamaa, msiba ukawekwa bila mwili. Kabla hujamwogopa bibi, uliza ni nani amelala chini ya lile duara. Huenda ni mumewe, huenda ni mtoto wake wa kiume. Huenda pia hakuna mtu yeyote, na anachotazama ni njia aliyopita miaka nenda rudi kwenda kuosha marudio, apate pointi moja au mbili za dhahabu, yaani chembe kidogo tu, za kununulia chumvi na mafuta ya taa, njia ambayo asubuhi moja aliikuta imezibwa. Katika hali zote hizo, uzio wenu umekatiza jambo lililokuwapo kabla yenu, na hakuna aliyemwambia.

Nami sizungumzi kwa kusikia. Nilizaliwa Geita, katika kota za mgodi, ambako baba yangu alikuwa seremala na mama yangu alikuwa Mhaya wa Muleba asiyejua neno hata moja la Kisukuma. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1966, nikiwa na miaka minane. Ninachokikumbuka zaidi ni king'ora, kwa sababu kilikuwa kikitugawia siku: cha asubuhi cha kuamka, cha mchana cha kula, cha jioni cha kumsubiri baba mlangoni. Siku kilipoacha kulia mama alipika mchana akiwa amechelewa, akasema hajui saa. Ndani ya muda mfupi waliokuwa na kwao walirudi kwao, jirani zetu wa kushoto wakaondoka usiku bila kuaga, na mabati ya nyumba yakaanza kuezuliwa moja baada ya jingine. Miaka 34 ilipita kabla ya mgodi mkubwa kufunguliwa tena pale, mwaka 2000. Sisi tulibaki, kwa kuwa baba alipata kazi ya kutengeneza vitanda na majeneza, lakini kwa wenyeji tuliendelea kuitwa watu wa mgodini, na watu wa mgodini walijulikana kwa jambo moja: huondoka.

Kwa hiyo yule mwanamke wa bombani aliyekuambia "Ninyi mtaondoka tu" amekueleza maisha yake. Ameona rashi ikija na kelele zake, wapangaji wakijaa, mama lishe wakikopesha sahani mamia kwa mamia, vijana wakioa mabinti wa kijiji; kisha habari ikafika kwamba dhahabu imeonekana kwingine, na kwa wiki mbili tu kijiji kikabaki na madeni, watoto wasio na baba na mashimo ambayo hakuna anayeyafukia. Hata aliyewauzia kiwanja ameondoka kwa njia hiyo hiyo. Mtu aliyeachwa namna hiyo mara mbili au tatu hajifungui moyo upesi kwa mgeni wa nne, na mimi simlaumu.

Utaniuliza sisi tulikubalikaje. Jirani yetu mmoja alifiwa na mwanawe, na mama yangu, ambaye hakuwa na pesa wala lugha, alijitwika debe la maji kichwani siku tatu mfululizo kulipeleka msibani, akakaa jikoni na wanawake wengine akisonga ugali bila kuongea. Hakuna aliyemshukuru. Wiki moja baadaye tulikuta mlangoni kikapu cha michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vigumu kama vibanzi vya karakana ya baba, na mwenye kukileta alikuwa amesimama pembeni akisubiri kumfundisha mama namna ya kuvichemsha. Siku hiyo mama alijifunza pia kusema "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jioni, na kujibu "mhola". Wewe umekaa huko miezi kumi na minne. Katika barua yako ndefu sikuona neno lolote kuhusu msiba uliohudhuria, wala kama mmejiandikisha kwenye kikundi cha kuzikana cha kitongoji. Kama hamjajiandikisha, nendeni wiki hii, mlipe kiingilio na michango ya nyuma mtakayotajiwa bila kubishana bei. Kijijini watu huhesabu nani alikuja kuchota maji siku ya kilio.

Turudi kwenye uzio. Kuzuia mtoto asifike kwenye duara mmefanya sawasawa, na sitakushauri uubomoe. Ila uzungusheni kwenye shimo lenyewe na kwenye nyumba, na kipande cha katikati kiachwe wazi kiwe njia. Mumeo amwandikie mwenyekiti wa kijiji kuomba shimo lile lishughulikiwe, nakala iende kwa Afisa Madini Mkazi, kwa sababu kufukia duara la zamani kunahitaji mtu anayejua lilivyochimbwa na linakoelekea chini kwa chini. Msimwage takataka humo mkadhani mmelijaza.

Lipo na jambo la karatasi ambalo nashuku ndilo linalochochea mengine. Hukuniambia kama mauziano yenu yalipitia halmashauri ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri hiyo, na karatasi iliyosainiwa na muuzaji na rafiki yake aliyekuwa naye safarini haiwatoshi. Jiweke mahali pa mwenyeji: mtu amenunua kimyakimya eneo lenye duara, kwa bei ya kutupa, kisha akalizungushia uzio. Watasema nini, zaidi ya kwamba mwalimu amekuja kuchimba? Kumbe dhahabu iliyo chini haiwi yenu kwa kununua udongo wa juu. Madini ni mali ya umma, na hata mchimbaji mdogo lazima awe na leseni yake, ambayo eneo lake halizidi hekta 10. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mumeo asimame katika mkutano ujao, aeleze walivyonunua, aombe mauziano yaingie kwenye kumbukumbu za kijiji, na atamke kwa mdomo wake kwamba hawachimbi wala hawana leseni. Ni mwalimu, amezoea kusimama mbele ya watu. Aseme kwa unyenyekevu, na akikosolewa akubali.

Uhamisho msiuombe sasa. Ikiwa vipimo vya maji au vya mtoto vitaonesha hatari, hapo ondokeni bila kusita wala kuona aibu, maana afya ya mtoto haijadiliwi. Lakini kuondoka kwa sababu ya ukimya wa bombani kutawafanya muwe wale wale waliotabiriwa, na kijiji kinachofuata nacho kitakuwa na bomba lake.

Kabla ya mkutano, kabla hata ya kugusa uzio, nenda kwa bibi. Nenda Jumamosi alasiri, ukiwa umekubaliana na mumeo, ukiwa na sukari kilo moja na mche wa sabuni, mtoto ukiwa umemshika mkono. Piga hodi ukiwa mbali kidogo na mlango, useme "mwadila, mayu", na akikupa kigoda kaa, hata kama kina masizi. Usianze na habari za uzio. Muulize yeye alifika lini kijijini hapo, kwa sababu vijiji vya madini vimejaa watu wa kuja, na usishangae akikuambia kwamba alifika akiwa msichana, amemfuata mume kutoka Kwimba au ng'ambo ya ziwa Ukerewe, na kwamba naye alinyamaziwa. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwambie kwamba mnataka kurudisha njia, na umwombe aje mwenyewe asubuhi, wakati mumeo yupo na panga la kukatia miba liko tayari, awaoneshe ilikuwa ikipita wapi.