Gesi ya krimu Marekani: dukani ipo, kuivuta je?

SWALI: Mwanangu, miaka 20, anasoma Los Angeles. Kwenye picha zake nimeona vibomba vya chuma vya ukubwa wa kidole gumba. Ananiambia ni gesi ya kuumulia krimu ya keki, na wenzake huivuta kwa puto wakacheka. Eti si kosa, mbona inauzwa madukani! Juzi kalalamika nyayo zina ganzi, anatembea kama anakanyaga pamba. Sheria inasemaje?
Mama Z., Ngamiani, Tanga

JIBU: Mama, kuuzwa dukani si ruhusa ya kuivuta. Naitrasi oksaidi, ndiyo gesi hiyo ya krimu, haimo katika orodha ya serikali kuu ya dawa zinazodhibitiwa, kwa hiyo majimbo yamejitungia sheria. California hutazama nia: ukiwa nayo ya kupikia, hakuna neno, ukiwa nayo ili uivute ulewe, ni kosa la jinai, japo la daraja la chini. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 ni kosa pia. New York, kwa sheria ya 2021, vibomba haviuzwi kwa walio chini ya miaka 21. (Maduka mengine yalidai vitambulisho hata kwa kopo la krimu, ambalo sheria haikuligusa.) Louisiana ilipiga marufuku kuiuza rejareja mwaka 2024, ikibakiza matumizi kama tiba na upishi. Mwanao ni mgeni huko, na kosa laweza kugusa viza yake: akishitakiwa, asikiri kosa kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Lakini hiyo ganzi ndiyo ya haraka. Gesi hii huifanya vitamini B12 isifanye kazi mwilini, na ala (utando unaozifunika) ya neva za uti wa mgongo ikaanza kuharibika. Mpigie kwa video leo. Asimame miguu pamoja, mwenzake awe karibu wa kumdaka, kisha afumbe macho. Akiyumba, aende hospitali leo leo. Asipoyumba, bado aende, maana ganzi peke yake yatosha. Kipimo cha B12 huweza kuonekana kizuri huku vitamini yenyewe imeshalemaa, kwa hiyo aombe na cha homosisteini, kemikali ya damu inayopanda B12 isipofanya kazi. Tiba ni sindano za B12, si vidonge vya dukani, na hazitamfaa akiendelea kuvuta. Na amtajie daktari gesi kwa jina lake: akisema ganzi tu, huenda wakatafuta kisukari.