Kakangu asema akiondoka tutapumua

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Malindi. Kakangu alikuwa weita hoteli ya Wataliano, korona ilipoingia 2020 wageni wakarudi kwao hoteli ikafungwa, tangu hapo hajakaa sawa, mara bodaboda mara vibarua. Wiki hii kampa jirani mishipi yake ya kuvulia, kadi ya benki na namba ya siri kampa mkewe, jana kasema "nikiondoka mtapumua". Mama asema ni jini. Nikimuuliza si nitamtia wazo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Humtii wazo lolote, muulize, na iwe leo. Mvute kando watoto wasiwepo umwambie, "kaka, naona wagawa vitu vyako na maneno ya jana yamenitisha, wafikiria kujiua?" Litamke hivyo hivyo kisha unyamaze umsikize. Usimwambie ajikaze kiume wala usimhesabie neema zake, ashajiona mzigo huyo, na huo ndo ugonjwa wenyewe unavyomsemesha. Akikubali, au hata akinyamaza tu, asiachwe peke yake, usiku pia, na dawa na sumu za panya zitoke humo ndani. Pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, hata wewe waweza kupiga kwa niaba yake, au shirika la Befrienders, wanaosikiliza wenye mawazo ya kujiua, 0722 178 177, halafu mumpeleke hospitali ya serikali hapo Malindi, mmoja wenu aingie naye kwa daktari.

Mama usibishane naye. Kisomo kisomwe, dua haigombani na dawa, ila hospitali isingojeshwe.

Na kama mwaogopa polisi, kile kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilichokuwa chamfunga hadi miaka 2 aliyejaribu kujiua, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kuwa kinakiuka katiba, kwa hivyo daktari mwambieni yote.

Wengi huku kwetu bado wako kwenye korona jamani. Kafyu ilianza Machi 2020 ikaenda mpaka Oktoba 2021, mtu kakosa mshahara na kakosa baraza kwa wakati mmoja, akilalamika aambiwa sote tumeumia, basi akanyamaza miaka yote hii. Yaniuma sana hiyo.

Wifi yako naye mwambieni, asiyabebe peke yake, na zile zamu za usiku mgawane na jamaa, wewe peke yako hutaweza.