Ni Muller, si Grafton

Unauliza kama ni Sue Grafton aliyetangulia kutuletea mpelelezi binafsi wa kike wa zama hizi katika zile riwaya kavu za Kimarekani, yaani hadithi za upelelezi za mitaani zisizo na urembo (hardboiled). Hapana. Ni Marcia Muller, 1977, na mhusika wake Sharon McCone wa San Francisco. Kinsey Millhone wa Grafton, yule mwenye gauni moja jeusi la kila shughuli, anayejikata nywele kwa mkasi wa kucha, alitokea 1982, na Grafton mwenyewe alimwita Muller mama mwanzilishi.

Ila kama unauliza waandishi wa kike tu, rudi nyuma zaidi: Leigh Brackett alitoa riwaya yake ya aina hiyo 1944, mpelelezi akiwa mwanamume. Mwongozaji wa filamu Howard Hawks aliipenda, akaagiza aitwe huyo "bwana" Brackett asaidie kuandika filamu ya The Big Sleep. Akaingia mwanamke.