Diski ya bekapu nyumbani: anza na mbili za nje, ya mtandao baadaye

Nyumba yenye laptopu moja au mbili haihitaji diski ya mtandao (NAS), ile inayochomekwa kwenye rauta ili kompyuta zote za nyumba ziitumie. Inahitaji diski mbili za nje za kawaida zinazopokezana: moja iko nyumbani, nyingine iko kazini au kwa ndugu, na kila baada ya wiki mbili zinabadilishana. Mwizi akibeba laptopu hubeba na kilichochomekwa ubavuni. Virusi vinavyofunga mafaili ili mwenyewe adaiwe fidia hufunga pia ya diski iliyoachwa imechomekwa. Bekapu ikiisha, chomoa.

Kwa ukubwa, zidisha data uliyo nayo kwa mbili, maana programu za bekapu, File History ya Windows na Time Machine ya Mac, huhifadhi na matoleo ya zamani ya faili. Mwenye GB 400 anunue TB 1. Windows itaonyesha GB 931. Hujapunjwa, kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024.

Kwa kazi hii diski ya kuzunguka bado inatosha na ni ya bei rahisi kuliko SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Chagua ya inchi 2.5. Inapata umeme kwenye kebo ya USB, hivyo umeme wa nyumba ukikatika betri ya laptopu inamalizia kazi. Ya inchi 3.5 hutegemea adapta ya ukutani na huzimika katikati ya kuandika. SSD inavumilia kuanguka, lakini si ya kufungia kabatini miaka mingi bila umeme, kwani chaji inayoshika data huvuja taratibu.

Jihadhari sana na “SSD ya TB 16” ya bei ya kutupa. Ndani mara nyingi mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyopangwa kudanganya ukubwa. Mwanzoni inakopi vizuri. Ikipita uwezo wake halisi, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea. Majina ya picha unayaona, picha hazifunguki. Siku ileile ya kununua, ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux: programu hizi hujaza diski yote kisha huisoma upya. Kwa TB 1 ya kuzunguka tenga saa tano au sita, na risiti usiitupe.

Kebo nayo ina mambo yake. Kile kichwa bapa cha USB 3 kisipoingia hadi mwisho, diski hushuka hadi kasi ya USB 2, kama MB 35 kwa sekunde, na GB 400 za saa moja zinakuwa za saa tatu na zaidi. Ukisikia tik-tik isiyokoma, badilisha kebo na uchomeke kwenye kompyuta moja kwa moja. Ikiendelea, okoa data kwanza.

Kabla ya kuanza, fomati diski kwa mpangilio wa mafaili unaofaa: NTFS kwa Windows, APFS kwa Mac. exFAT inasomeka kote lakini huharibika kirahisi ukichomoa ghafla. FAT32 hukataa faili la zaidi ya GB 4.

Kompyuta zikifika tatu au nne, NAS inaanza kuwa na maana. Angalia rauta kwanza: tundu la megabiti 100 hupitisha kama MB 11 kwa sekunde, yaani GB 400 ni saa kumi. Tafuta la gigabiti, na bekapu ya kwanza ipite kwenye waya, si Wi-Fi. Iunganishe NAS na UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB, ili umeme ukikatika NAS ijizime yenyewe kwa utaratibu. Diski za ndani ziwe za CMR, ambazo mistari ya data haipandani. Mwaka 2020 kampuni ya WD ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red za TB 2 hadi 6 ni SMR, yaani mistari hupandana, nazo husuasua sana RAID (diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) inapojengwa upya. RAID 1, inayoandika data ileile kwenye diski mbili, hukinga diski moja ikifa, lakini folda ukiifuta inafutika zote mbili papo hapo. Kwa hiyo NAS nayo inataka diski yake ya nje. Wala NAS usiifungulie njia ya intaneti: Juni 2021 wenye My Book Live, diski ya mtandao ya WD, walikuta data imefutwa kutoka mbali, kwenye kifaa kilichoacha kupata masasisho tangu 2015.

Kila baada ya miezi mitatu rudisha folda moja kwenye kompyuta nyingine na uyafungue mafaili yenyewe, usiishie kuona majina. Na kama diski umeifunga kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, andika ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi, uuweke mbali na diski na mbali na laptopu.