Swali la lugha: Futa anwani, usifanye "zoezi la ufutaji"

Swali la leo limeletwa na fundi wa mtandao wa Morogoro, anafanya kazi kwenye ofisi ya umma. Ameandika mwongozo wa Kiswahili kwa ajili ya vijana wanaokuja field, na kuna sehemu inahusu lile jedwali ambalo swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa kebo, inatunzia anwani za maki (MAC), yaani ile namba ya kifaa yenye tarakimu 12 (0 hadi 9 na a hadi f) ambayo kila kadi ya mtandao inakuwa nayo. Yeye aliandika hivi: "Futa jedwali la anwani, halafu angalia upya." Mkubwa wake akamrudishia imesahihishwa kwa peni nyekundu: "Fanya zoezi la ufutaji wa taarifa zilizopo kwenye meza ya anwani." Anauliza mambo mawili, je ni meza au jedwali, na kati ya hizo sentensi mbili ipi ndio Kiswahili fasaha.

Ndugu yangu fundi, la meza tulimalize haraka. Meza ni neno tulilopata kwa Wareno na ni kile kitu chenye miguu unachowekea sahani. Kitu chenye safu na mistari ni jedwali, hilo tumelitoa kwa Waarabu, na kwao linabeba pia maana ya mfereji mdogo wa maji. Shuleni tulikariri tebo, kitabuni kukaandikwa jedwali la kuzidisha, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kukariri meza ya kuzidisha. Kwa hiyo mafundi mkiwa wenyewe huko semeni "maki tebo" mpaka mchoke, sitawagombeza, ni neno lenye historia yake darasani. Kwenye mwongozo andika jedwali. Meza hapana.

Sasa hili la pili ndilo lenye kazi. "Fanya zoezi la ufutaji". Nalisikia redioni, naliona kwenye barua za ofisi, kwenye matangazo ya mtaa, kwenye hotuba za kufungua semina, na leo naambiwa limeingia mpaka kwenye mwongozo wa swichi, kwenye kazi ya watu ambao siku zote nilijua wanaongea mafupi kuliko wote. Basi acha niliseme lote.

Zoezi limetokana na kuzoea na kuzoeza. Ni kitu unachokirudiarudia mpaka mkono au akili izoee, mwanafunzi anapewa zoezi la hesabu, mchezaji anafanya mazoezi ya viungo. Hapo hakuna ugomvi. Lakini mwaka 2019 tulikuwa na zoezi la usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, mwaka 2022 tukawa na zoezi la anwani za makazi na mwezi wa nane zoezi la sensa, na siku hizi kila kazi inayofanywa na zaidi ya watu wawili ni zoezi, kugawa vyandarua ni zoezi, kufagia barabara ni zoezi, hadi msibani MC anashika kipaza sauti anasema "sasa tutaanza zoezi la kuaga mwili wa marehemu". Jamani. Watu wanamuaga baba yao mara moja tu maishani, nani hapo anazoezwa? Sema "sasa tutamuaga marehemu". Maneno matatu, na yana heshima kuliko yale.

Na zoezi halitembei peke yake, linaburuta "kufanya" mbele na "u-ji" au "u-zi" nyuma. Kufanya ukaguzi badala ya kukagua, kufanya ununuzi badala ya kununua, kufanya ufutaji badala ya kufuta. Mtu anachukua kitenzi kizima chenye afya, anakigeuza nomino, halafu anaona sentensi imebaki haina kitenzi, anakopa "fanya" ili isimame. Mimi naamini tumeiga Kiingereza cha makarani, kile kinachoogopa kusema nani alifanya nini, ila Kiingereza angalau kina kisingizio kwa sababu kitenzi chake hakinyumbuliki kama cha kwetu. Sisi tunacho kitenzi ambacho ukikibadilisha mkiani kidogo tu kinakwambia habari nzima, halafu tunakifunga miguu.

Nitakuonyesha kwa kazi yako mwenyewe, maana sijawahi kupata mfano mzuri kama huu.

Swichi inafanyaje? Fremu, yaani kifurushi cha data, ikiingia kwenye poti, lile tundu la kuchomekea kebo, swichi inasoma anwani ya aliyetuma, inaiandika kwenye jedwali pamoja na poti iliyoingilia na vilani yake (VLAN, yaani kikundi cha poti kinachohesabiwa kama mtandao mmoja). Baadaye ikija fremu inayomtafuta huyohuyo, swichi inatazama jedwali na kuipeleka kwenye poti hiyo moja. Isipomkuta, inairusha kwenye poti zote za vilani hiyo isipokuwa ile iliyoingilia. Na anwani ikikaa kimya bila kutuma kitu kwa sekunde 300, yaani dakika 5, ambao ndio muda uliowekwa tangu kiwandani kwenye swichi nyingi, swichi inaiondoa. Umeona, inasoma, inaandika, inatazama, inapeleka, inarusha, inaondoa. Kila hatua ina kitenzi chake na kila kitenzi kina mtendaji. Jaribu kuiandika kwa ule mtindo wa mkubwa wako, "swichi hufanya usomaji, hufuatiwa na zoezi la uandikaji, kisha hufanyika urushaji", kijana wa field atakuwa amelala kabla hajafika kwenye urushaji.

Lakini kulala sio hasara kubwa. Hasara kubwa ni hii. Chukua asubuhi moja, printa ya uhasibu haichapi, unafungua swichi, unaandika show mac address-table, amri ya kuonyesha jedwali, unakuta anwani ya printa haimo. Swali la kwanza la fundi yeyote ni imeondokaje. Na Kiswahili kimekupa majibu yako tayari, yamepangwa. Imefutika, yaani printa ilikaa kimya muda ukapita, hakuna aliyeigusa, na hilo wala sio tatizo, kwa sababu mtu akituma kazi swichi itairusha kote, printa itajibu na anwani itaandikwa upya. Imefutwa, yaani kuna mtu aliingia akaandika amri ya kufuta, na hapo utataka kujua ni nani na saa ngapi. Swichi imeifuta, kwa mfano kebo ilichomoka, poti ikazimika, na swichi ikaondoa anwani zote za poti hiyo, hapo unanyanyuka unakwenda kuangalia kebo. Angalia vizuri, shina ni moja, futa, tofauti ni -ika na -wa na nani amekaa mbele, lakini fundi mmoja atabaki amekaa, mwingine atakwenda kumuuliza mwenzake, wa tatu atapanda ngazi.

Sasa soma ripoti iliyoandikwa "zoezi la ufutaji wa anwani lilifanyika". Na nani? Lini limeanza? Printa ilinyamaza, mtu alifuta, au kebo imeng'oka? Hujui. Sentensi ina maneno sita na haijakwambia kitu. Hapa ndipo napandwa na hasira, kwa sababu "ufutaji" umemeza mtendaji mzima mzima, na kwenye kazi ya kutafuta hitilafu mtendaji ndiye tunayemtafuta!

Watakuja wa kuniambia kwamba "inafutika" nayo ina utata, inaweza kuwa na maana ya kwamba kitu kinaweza kufutwa, kama wino unaofutika. Ni kweli. Ila ukiweka -me-, "imefutika", utata unaondoka, inabaki hali iliyokwisha kutokea.

Ukitaka ushahidi wa pili, jedwali lina mwisho wake, swichi kama Catalyst 2960 ya Cisco inabeba anwani kama 8,000 hivi. Likiwa limejaa, anwani mpya hazina pa kukaa, fremu zinazozitafuta zinarushwa poti zote, na mtu aliyekaa kwenye kona na laptopu yake anaweza kusoma yasiyomhusu. Kuna washambuliaji wanafanya hivyo kwa makusudi, wanamwaga maelfu ya anwani bandia kwa kasi ili nafasi iishe. Kwa hiyo fundi akisema "jedwali limejaa" naelewa mtandao umekua umezidi swichi, nunueni kubwa zaidi. Akisema "jedwali limejazwa" naelewa kuna mtu amelijaza, na kwanza tutafute poti yake, ndipo tuweke kikomo cha anwani kwa kila poti. Limejaa, limejazwa. Herufi mbili zimekupa taarifa ya usalama. "Ujazaji umefanyika" imekupa nini?

Ushahidi wa tatu ndio naupenda kuliko yote. Kompyuta ikichomolewa chumba hiki ikachomekwa kile, anwani yake inahama kutoka poti 3 kwenda poti 7, na jedwali linajirekebisha, ni kawaida. Mtu akitembea na simu yake kutoka kifaa kimoja cha waifai kwenda kingine, vilevile anwani inahama. Lakini kama sekunde hii iko poti 3, sekunde ijayo poti 7, ijayo tena poti 3, basi anwani inahamahama, na hapo mara nyingi kuna mzunguko, mtu kachomeka kebo ncha zote mbili kwenye mtandao huohuo bila kujua. Inahama, salama. Inahamahama, kimbia. Kiswahili kimerudia kitenzi mara mbili tu na kengele imelia. Na kuna mtu mahali fulani muda huu anaandika "kunafanyika uhamaji wa mara kwa mara wa anwani".

Halafu tazama amri yenyewe unayoiandika kwenye swichi: clear mac address-table dynamic. Neno la kwanza ni kitenzi, tena cha kuamrisha. Show, clear, hivyo ndivyo mashine inavyosemeshwa kwenye amri kama hizi. Kama mashine hapo inataka kitenzi kwanza, binadamu anayejifunza kuiendesha kwa nini tumfiche hicho kitenzi?

Na hilo neno la mwisho, dynamic, linaonyesha ubaya mwingine wa sentensi ya mkubwa wako. Amri hiyo inafuta anwani ambazo swichi imejifunza yenyewe tu, zile ulizozibandika kwa mkono zinabaki palepale. Yeye kaandika "ufutaji wa taarifa zilizopo". Taarifa zipi? Kijana mgeni akiisoma hivyo anaweza kudhani afute konfigi nzima, yaani mipangilio yote, ya swichi, na ofisi nzima ikakaa bila mtandao. Wewe uliandika "futa jedwali", na wewe ongeza kidogo, sema ni anwani ambazo swichi imejifunza. Mstari kwenye jedwali unakuwa hivi: 10, 0250.41c7.90ae, DYNAMIC, Gi0/7. Yaani vilani 10, anwani, imejifunzwa, poti ya 7. Na mfundishe kijana kutazama ile tarakimu ya pili ya anwani, ikiwa 2, 6, a au e, anwani hiyo haikutoka kiwandani, imebuniwa, na siku hizi mara nyingi ni simu, maana simu mpya zinabuni anwani zake ili zisifuatiliwe. Anwani ya namna hiyo kuja na kupotea hakutakushtua tena.

Mimi sio kwamba nachukia nomino. Kichwa cha sura kiite "Usimamizi wa jedwali la anwani", kinakaa vizuri kabisa, kichwa kinataka jina. Kufanya kazi, kufanya biashara, kufanya mtihani, hayo yamezoeleka na hayana ubaya. Na vijana wakisema "kumeneji swichi" wakiwa kwenye chumba cha seva, sawa, nimeshachoka kupigana na kumeneji, angalau bado ni kitenzi. Ninachokataa ni maelekezo ya kazi yanayoandikwa kama hotuba.

Kwa hiyo fundi, mwandikie mkubwa wako kwa heshima zote, umpelekee hivi: "Tazama jedwali kwanza. Kama anwani haimo, chunguza imefutika au imefutwa. Kama inahamahama kati ya poti mbili, tafuta mzunguko kabla hujagusa kitu kingine. Ukitaka swichi ijifunze upya, futa anwani ilizojifunza, zilizobandikwa ziache." Mwombe aoneshe ni wapi zoezi linahitajika humo.

Na kwa kuwa kwenye barua yako umeandika "anuani" mara mbili na "maanwani" mara moja, chagua anwani moja kwa mwongozo mzima, na wingi wake haubadiliki: anwani imefutika, anwani zimefutika. Jedwali ndilo linalobadilika, jedwali limejaa, majedwali yamejaa.